Siku Pijo la Harusi Lilipopauka

Shwii, shwaa. Shwii, shwaa. Tulipokuwa wadogo pale mtaa wa Kongo, Kawangware, asubuhi za likizo zilianza na sauti hiyo kabla hujafumbua macho. Bado umejifunika blanketi, mguu wa Anti Mwende umekulalia tumboni, na tayari unajua kwamba nje ya geti la ploti kuna gari, na kwamba Mama yuko kando yake na ndoo ya maji ya sabuni, analisugua. Ukisikiliza vizuri uliweza hata kujua amefika wapi. Mlango ulilia kwa sauti nyembamba, boneti kwa sauti nzito, na paa lililia kama mvua ya mbali isiyojua kama inyeshe kwetu au iende zake Dagoretti.

Baba alikuwa fundi wa kupiga magari rangi. Hakuwa na gereji. Alikuwa na kompresa iliyokohoa kuliko mzee mwenye pumu, turubai la kuzuia jua, nafasi ndogo kati ya geti letu na barabara, na maneno mengi sana. "Mimi nikipiga rangi, hata inzi akitua anateleza," alipenda kusema, akiwa ameweka mikono kiunoni. Inzi nao, ambao hawakuwahi kuambiwa, walitua na kukwama papo hapo.

Ndiyo sababu alimhitaji Mama. Baba akishamaliza rangi, alipuliza vanishi juu yake, ile isiyo na rangi, angavu kama maji ya mtungi. Vanishi ikikauka ilikuwa na kila kitu cha Kawangware ndani yake: vumbi la barabara, mabawa ya wadudu, unywele mmoja ambao hakuna aliyeukubali kuwa wake, na vijibonde vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Kazi ya Mama ilikuwa kulainisha hayo yote. Alilowesha msasa wa maji ndani ya ndoo, akauviringisha kwenye kipande cha soli ya patipati kuukuu, kisha akasugua taratibu, huku sisi watoto tukimwagia maji kutoka kwenye makopo. Msasa haukuruhusiwa kukauka hata kidogo. Ukikauka unakwaruza, na Mama akisikia mkwaruzo alisimama, akatutazama mmoja mmoja, na kila mmoja akakumbuka dhambi zake.

Tulikuwa na bladaa, tulikuwa na kati, tulikuwa na brikicho mpaka giza linaingia. Lakini gari likiwa nje, hakuna mchezo ulioshinda ule wa kuchunga maji. Sheria yake ilikuwa rahisi. Msasa ukigusa vanishi, maji yanayotiririka huwa meupe kama maziwa ya chai. Yakiwa na rangi ya gari, umepita vanishi, umefika kwenye rangi yenyewe, na ni lazima Baba arudie upya. "Ukiona rangi, umefika nyama," Mama alisema. Basi tulichuchumaa kando ya magurudumu, midomo myekundu kwa mabuyu, macho kwenye mchirizi, tukiimba, "Maziwa! Maziwa! Maziwa!" Mtu akipita na haraka zake alidhani tunauza.

Ajabu iliyotushinda sote, na ambayo hakuna mtu mzima aliyejishughulisha kutueleza, ilikuwa hii: gari lilipotoka mikononi mwa Mama baada ya msasa, lilikuwa baya. Jana liling'aa. Leo ni la kijivu, halina uso, kama ubao wa darasa uliofutwa na mvivu. Wenye magari waliokuja wakati huo walishika vichwa. Mama aliwaambia tu, "Rudi kesho." Kesho yake alichukua dawa ya kung'arisha na kitambaa laini, akazungusha, akazungusha, na kutoka kwenye ule ukungu akaibuka mtu. Alikuwa ni wewe mwenyewe, meno nje, umesimama ndani ya mlango wa gari.

Gari ninalolikumbuka kuliko yote ni Pijo la Mzee Odhiambo.

Nieleze kwanza kuhusu Anti Mwende. Alikuwa mdogo wake Mama, kitinda mimba wao, na alikuja Nairobi kutoka Kitui kabla sijajua kutembea. Alipanda lori la makaa, juu kabisa, kwenye magunia. Alipofika getini petu alikuwa mweusi kila mahali isipokuwa macho, na Mama, dada yake wa tumbo moja, alimuuliza, "Nikusaidie?" Akidhani ni mtu wa kuuza makaa! Ilibidi aoshwe mara mbili ndipo dada akamtambua dada. Kisa hicho kilisimuliwa ploti nzima kila mvua iliponyesha, na Anti Mwende mwenyewe ndiye aliyekicheka zaidi, kicheko chake kile cha kuamsha kuku. Lakini kila mara alikimalizia kwa maneno yale yale: "Niliingia kwa hii geti bila uso. Siku ya kutoka, nitatoka na gari ya kung'aa mpaka nijione kwa mlango. Mtaona."

Akaja Ochieng, seremala wa Sarang'ombe kule Kibera, mpole, aliyempenda mpaka akajifunza kula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao Mwende. Harusi ikapangwa. Mama hakuwa na sufuria za kumpa mdogo wake wala kitanda. Alimwambia, "Gari nitakupa. Ya siku moja, lakini utajiona."

Gari lenyewe lilikuwa la baba mkubwa wa Ochieng, Mzee Odhiambo, mwanamume mrefu aliyevaa tai hata akienda kununua sukuma wiki. Lilikuwa Pijo la zamani, limefubaa na kubabuka kama ukuta wa chekechea. Alilileta kwa Baba katikati ya wiki ya harusi, akalizunguka akilipapasa, kisha akatoa hukumu yake mbele ya ploti nzima.

"Ikishine, itabeba bibi harusi. Isiposhine, naifunika turubai narudi nayo Kibera. Siwezi aibishwa na gari yangu mwenyewe mbele ya wakwe."

"Mzee, hii itashine mpaka ujinyoe ukiiangalia," Baba akasema.

"Mimi naongea na mama," Mzee Odhiambo akajibu, akimwelekeza Mama kidole. "Wewe nimekusikia Kawangware yote."

Baba aliipaka Pijo maruni, rangi nzuri iliyoiva kama zambarau, akapuliza vanishi. Ijumaa Mama akashinda juu yake na msasa tangu alfajiri. Tulimwagia maji mpaka vidole vikakunjamana. "Maziwa! Maziwa!" Hakukuwa hata na tone la maruni. Alasiri gari zima lilikuwa la kijivu, laini kama shavu la mtoto, kazi safi kabisa kwa anayejua. Mama akanyoosha mgongo, akamwambia Baba alichunge, kisha yeye na Anti Mwende wakaenda Kabiro kusukwa nywele. Baba alilichunga kwa muda. Halafu akakumbuka kwamba kuna rafiki yake mwenye mashine ya kung'arishia, akaenda kuiazima, na kwa kuwa alikuwa Baba, akaanza kwa kumsimulia.

Wakati huo ndipo Susu alipofika.

Susu ni bibi yetu, mamake Mama na Anti Mwende, ametoka Kitui kwa basi kuja kumwoza mwanawe wa mwisho, kuku kwapani, kiondo mgongoni. Tulimkimbilia tukimzunguka. Yeye hakutuona. Alikuwa amesimama mbele ya Pijo, mkono umeziba mdomo.

"Hii ndiyo gari ya Mwende?"

"Ndiyo, Susu!"

"Na imepauka hivi?"

Lazima mwelewe. Enzi zetu, kupauka kulikuwa kosa kubwa kuliko wizi. Mtoto hakuvuka mlango kwenda kanisani mpaka amepakwa mafuta usoni, magotini, viwikoni, nyuma ya masikio, akang'aa kama andazi la Mama Brayo jirani yetu. Mtoto aliyepauka alikuwa aibu ya mama yake na ya ukoo mzima. Watoto wa siku hizi wananunuliwa losheni za parachichi na asali na bado wanasema inanata. Sisi tulipakwa yale ya kopo, mazito, na vumbi likatushika, na tukaitwa warembo.

Susu akaweka kuku chini. Akafungua kiondo, akatoa kopo kubwa la mafuta, lile alilotuletea wajukuu kwa ajili ya harusi. "Mutanu," akaniita, "lete wenzako. Kila mtu mlango wake."

Furaha tuliyokuwa nayo siku hiyo sijawahi kuipata tena, hata nilipopata kazi. Kuambiwa na mtu mzima, tena Susu, mpake gari mafuta! Tulichota kwa vidole vyote. Tulipaka milango, tukapaka boneti, Susu mwenyewe akapaka paa akiwa amesimama juu ya ndoo ya Mama, shuka limefungwa kiunoni, akiimba. Na jambo lililotumaliza ni kwamba iling'aa! Kila tulipopaka, kijivu kilitoweka na maruni ikatoka, imeiva, inametameta. Ploti yote ikatoka nje. Watu wakapiga makofi. Mama Brayo akapiga vigelegele mandazi yakiungua. Susu akashuka kwenye ndoo, akapangusa mikono kwenye miguu yangu ili mafuta yasipotee, akasema, "Watoto wangu wanasumbuka bure na msasa na maji. Kitu kinataka mafuta tu."

Kisha upepo wa jioni ukaja, kama ulivyokuja kila siku, kutoka barabarani. Na nyuma yake lori.

Vumbi lilipotulia, Pijo ilikuwa imeota manyoya. Kila punje ya Kawangware ilikuwa imeruka na kutua pale, pamoja na unyoya wa kuku wa Susu na karatasi ya peremende. Ilikuwa kama chapati iliyoangukia kwenye unga. Tulisimama, mikono imetanuka vidole, na hapo hapo Mama na Anti Mwende wakakata kona, nywele zimependeza.

"Mwanangu," Susu akasema haraka, "nimekusaidia kidogo."

Mama alilitazama gari. Akamtazama mama yake. Binti wa Kikamba aliyelelewa vizuri hamfokei mama yake mbele ya watu, hata kama ameikaanga Pijo. "Asante, Mwaitu," akasema kwa heshima, kwa neno lile la kwao la kumwita mama. "Umechoka na safari. Ingia upumzike." Akatugeuzia mgongo, akaziba uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nikamzunguka kuangalia. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanatoka, ameng'ata leso ili Susu asisikie.

Anti Mwende hakucheka. Huyo, aliyecheka kila kitu, aliketi kwenye ngazi ya mlango wetu akaiangalia Pijo iliyovaa vumbi. "Ni kama ile lori ya makaa imenifuata," akasema polepole.

Kicheko cha Mama kikakatika. Alifunga leso kichwani.

"Mtu yeyote asiguse hiyo gari," alisema, kwa maana Baba alikuwa amerudi na mashine begani na tayari ameinua kitambaa. "Ukipangusa sasa, hiyo mchanga inakuwa msasa. Itakula mpaka nyama. Nataka maji moto. Mengi."

Majiko yote ya ploti yakawashwa. Harusi ilikuwa kesho, kwa hivyo sufuria kubwa zilikuwapo, na zote zikajazwa maji na sabuni badala ya mchele. Mama Brayo, mpishi mkuu, alipiga kelele, "Hiyo ni sufuria ya pilau! Wageni wakule povu?"

"Wakikula povu watarudi Kibera wakiwa wasafi hata ndani," Baba akajibu.

Tulipanga foleni na makopo. Mama alimwaga maji yeye mwenyewe, kutoka juu kushuka, taratibu, bila kugusa, tena na tena. Mafuta yakayeyuka, vumbi likashuka nayo, na sisi tukachuchumaa kwenye magurudumu kama kawaida yetu, tukiangalia rangi ya mchirizi kuliko tulivyowahi kuangalia kitu chochote. Maji yalikuwa ya kahawia. Kisha kijivu. Kisha safi. Hakuna maruni. Jua lilipozama Pijo ilikuwa imerudi kuwa ubao uliofutwa vibaya, na hakuna aliyewahi kufurahia kitu kibaya namna ile.

Jumamosi asubuhi mashine ya kuazima ilichomekwa, ikanguruma mara moja, na stima ikapotea. Baba aliipiga teke, akaipiga hotuba. Mama hakungoja. Aliingia ndani, akatoka na mfuko alioutunza chini ya kitanda, akaumwaga juu ya meza. Zilikuwa nepi zetu za zamani, pamba tupu, zimefuliwa mpaka zikawa laini kama mdomo wa ndama. "Hii ni ya Mutanu," alisema akinyoosha moja mbele ya wageni waliokwisha kuwasili, nami nikatamani ardhi inimeze. Akazigawa. Shangazi waliokuja na nguo za harusi wakajifunga kanga juu yake. Mama Brayo akaacha pilau. Wote wakaizunguka Pijo, kila mmoja na nepi yake na tone la dawa, na Mama akawafundisha: duara ndogo, usikandamize, usiache mahali pakauke. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, mikono ikafuata mwendo wa wimbo. Ukiwatazama kutoka nyuma uliona mduara wa makalio ya rangi zote yakizunguka pamoja, na sisi watoto tulicheka mpaka tukalala chini.

"Mwaitu, buti ni yako," Mama akamwambia Susu, akampa nepi kubwa kuliko zote.

Susu alisugua lile buti kwa bidii ya kutisha. Lilipoanza kung'aa alisimama, akamtazama bintiye kwa ushindi. "Si nilisema ilikuwa inataka kupakwa?"

Hapo ndipo Mzee Odhiambo alipoingia kona na watu wa kwao, tai imekazwa. Wimbo ukafa. Nepi zikashuka. Mama alikuwa anamalizia mlango wa nyuma, na hakugeuka.

"Yawa, jamani," Mzee Odhiambo akasema, "hizi ni nepi?"

Alitembea hadi kwenye boneti, akainama ili aikague kwa ubaya. Akainama zaidi. Kisha, polepole, mkono wake ukapanda shingoni, akainyoosha tai, akageuza shavu hivi, akaligeuza vile.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema. "Na hakuna mtu ananiambia?"

Vigelegele vilivyopigwa! Anti Mwende akatoka ndani na gauni lake, nusu ya kichwa bado ina vibanio, kijiti cha rangi ya mdomo mkononi. Hakumwendea mtu yeyote. Alipiga magoti mbele ya mlango wa nyuma, pale pale kwenye vumbi, shangazi wakipiga mayowe juu ya gauni, akajitazama. Alijitazama muda mrefu. Halafu akajipaka midomo, kwa utulivu, akitumia Pijo kama kioo, na Mama akiwa amechuchumaa kando yake, nyuso zao mbili zimekaa pamoja ndani ya ile maruni.

"Ni wewe?" Mama akauliza. "Nikusaidie?"

Kile kicheko cha Anti Mwende kikaamsha kuku wa Susu, aliyedhani amesahauliwa.

Siku hizi ukipita pale pamejengwa ghorofa. Magari yanaoshwa kwa mpira wenye mdomo wa bastola, na ukimpa mtoto wa leo msasa na ndoo atakuuliza inachajiwa wapi. Wanajiona mara mia kwa siku kwenye simu, wamejilainisha ngozi kwa kidole, hakuna hata mmoja aliyepauka. Siwalaumu. Wanangu ni hao hao. Ila wakati mwingine nawatazama wakijipiga picha, wakifuta, wakijipiga tena, na natamani wangejua ilikuwaje kungoja uso wako utoke polepole kwenye ukungu, ukiletwa na mikono ya watu wengi, nepi yako mwenyewe ikiwamo.

Anti Mwende alipoingia kwenye gari, shangazi walimkunjia gauni ndani kama unga unaosukumwa kwenye mfuko mdogo. Geti lilijaa watu. Susu alikuwa amenipaka mabaki ya kopo mpaka nikawa nateleza, na nilipopenya katikati ya miguu ya watu kwenda kumuaga Anti Mwende, niliegemea mlango ili nisianguke. Alinishika kidevu, akaniambia kitanda sasa ni changu peke yangu, nisipotee humo nikijinyoosha. Nilipouondoa mkono, kiganja changu kilibaki pale, vidole vyote vitano, mafuta matupu, katikati ya ule mlango unaong'aa.

Nilimwona Mama akikiona. Nepi ilikuwa mkononi mwake. Akaiinua. Akakitazama kile kiganja, akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameketi wima ndani, mikono magotini, tayari kwenda. Akaishusha nepi. Kisha akaushika mlango kwa ncha za vidole, akaufunga.